Mabinti tisa na asilimia 67 ya bosi

SWALI: Shikamoo mzee. Kikundi chetu hapa Kibirizi kilihoji watu 400 wa mwaloni kuhusu kazi zao. Mabinti wa chini ya miaka 25 wanaoanika dagaa walipatikana 9 tu, na 6 kati yao walisema hawana kazi nyingine. Bosi anataka tuandike kwamba asilimia 67 ya mabinti wanategemea kuanika peke yake. Nasita. Nifanyeje?
Karani, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiandike hivyo. Kugawa umegawa sawa, lakini binti mmoja tu angejibu vingine, 67 yako ingeshuka hadi 56. Kwa uhakika wa asilimia 95, ukweli uko popote kati ya 35 na 88. Ni kama mteja akuulize una dagaa kiasi gani, umjibu: kati ya kisado na gunia.

Hata hivyo, usiwatupe. Tuseme wanawake wote mliowahoji ni 90, na wanaotegemea kazi moja ni asilimia 40. Hao 90 wametulia ila si mabinti. Tisa wako ni mabinti wenyewe ila wanayumba. Wachanganye kwa uzito. Kuyumba kwa watu tisa ni 0.4 (ile asilimia 40) × 0.6 (waliosalia) ÷ 9, yaani 0.027. Ikiwa data yenu inaonyesha vikundi vya umri hupishana kwa pointi 10 hivi (usiichomoe hewani hiyo 10!), 0.1 ikizidishwa yenyewe ni 0.01. Gawa 0.01 kwa jumla ya hizo mbili, 0.037: tisa wanapata uzito wa 0.27, uliobaki, 0.73, unakwenda kwa wale 90. Jibu, 0.27 × 67 + 0.73 × 40, ni asilimia 47. Bosi atanuna.

Mwambie si uganga wangu. Mwaka 1979 wanatakwimu Robert Fay na Roger Herriot walieleza njia ya namna hii waliyokadiria nayo kipato katika sehemu za Marekani zenye wakazi chini ya 1,000, ambako sampuli ya sensa ya 1970 ilikuwa nyembamba mno. Waliazima nguvu kwenye takwimu za kaunti, za kodi na za thamani ya nyumba. Ninyi mna Sensa ya 2022, na daftari la BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, lipo hapohapo mwaloni.

Kinachonikera zaidi ni kingine: mlihoji lini? Mama yangu alianika dagaa Ujiji. Giza likiwepo, mitumbwi ilitoka na karabai, naye alishinda juani kugeuza dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ililala, na mama aliuza mihogo. Ungemuuliza wiki ya giza, angekuambia ana kazi moja. Wiki mbili baadaye ungemkuta na beseni kichwani. Hapo kuazima hakusaidii, maana hata wale 90 mliwahoji siku zilezile.

Nitumie tarehe zilizo kwenye hojaji.