Nauli ya Dubai inaanzia kwenye chumba ulichokodi

Dada mmoja anayejiandaa kwenda Dubai kufuata mzigo kwa mara ya kwanza ameuliza: kwa siku sita atenge kiasi gani cha nauli ya kuzungukia mjini? Swali zuri, ila halijibiki mpaka aseme atalala wapi. Wengi wetu tunatafuta chumba cha bei ya chini kwanza, kisha tunashangaa hela inavyoyeyuka barabarani.

Dubai imegawanywa kanda saba, na nauli ya metro na ya mabasi ya mjini hukatwa kwa kuhesabu kanda ulizopita. Kwa nol, kadi ya kulipia usafiri wa umma huko, aina ya Silver, safari ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, kanda mbili zinazopakana ni 5, na zaidi ya hapo ni 7.5 hata ukienda mwisho wa mji. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu zamani, 3.67 kwa dola moja, kwa hiyo hesabu yake haiyumbi kama ya shilingi.

Sasa piga hesabu ya chumba. Mfanyabiashara anayelala Deira, mtaa wa masoko, jirani na kituo cha metro cha Union au Baniyas Square, anakwenda masoko ya Naif, Murshid na la dhahabu kwa miguu. Akichoka, anapanda metro kwa dirhamu 3. Anayelala Marina, upande wa mbali wa mji, kwa sababu picha za hoteli zilimvutia atatoa 7.5 kwenda na 7.5 kurudi, kila siku, na atakaa kwenye treni karibu saa nzima kila upande. Na yule aliyekimbilia Sharjah, mji jirani, kwa ajili ya chumba cha bei poa? Basi la E303 linatoka Union mpaka kituo cha Al Jubail kwa dirhamu 10 hadi 12. Kwenda na kurudi si chini ya 20 kwa kila kichwa, na foleni ya jioni kati ya miji hiyo miwili inajulikana. Kama chumba cha Sharjah hakikuokolei zaidi ya hapo kwa usiku mmoja, umejidanganya. Isipokuwa kama unafuata vipuri vya magari: maduka yake yamejaa eneo la viwanda la Sharjah, basi wewe lala hukohuko.

Tuje kwenye kadi. Ziko tiketi nyekundu ya karatasi, Silver na Gold. Gold achana nayo, nauli yake ni mara mbili na unachopata ni kiti kipana kwenye behewa lake maalumu. Tiketi nyekundu ni dirhamu 2, ila kila safari inakuwa ghali zaidi: 4, 6 au 8.5. Tena ukiinunua kwa metro haikubaliki kwenye basi. Silver inauzwa 25, ndani yake mna salio la 19, yaani kadi yenyewe ni 6. Kwa tofauti ya dirhamu moja kila safari, zote mbili zinalingana ukifika safari ya nne. Kuanzia ya tano Silver inakulipa, na mfanyabiashara hufikisha safari tano siku ya pili asubuhi. Kadi inadumu miaka mitano na haina jina lako, kwa hiyo ukirudi nyumbani mwachie anayefuata.

Kuongeza salio kuna mtego. Tangu Agosti 2024 dirisha la kituoni halipokei chini ya dirhamu 50. Ukitaka kuweka kidogo, nenda kwenye mashine iliyo ukutani, ina Kiingereza. Kila mtu lazima awe na kadi yake. Hamwezi kupita wawili kwa kadi moja. Mtoto wa chini ya miaka mitano hupanda bure.

Ipo pia pasi ya siku nzima, dirhamu 20. Wauzaji wa mitandaoni wanaisifu sana. Inalipa tu siku ile utakayokatiza mji mara tatu (7.5 mara tatu ni 22.5). Kwa mtu wa Deira anayekatwa 3, itabidi apande mara saba ndipo aione faida. Pasi hiyo mwachie mtalii.

Mahali hela inapopotea hasa ni kwenye kugusisha kadi. Aliyezoea daladala au matatu hulipa mara moja akamaliza. Dubai unagusisha kadi kwenye mashine ukiingia na unagusisha tena ukitoka. Kwenye metro huwezi kusahau, geti halifunguki. Kwenye basi unaingia mlango wa mbele na kushukia wa katikati, na hapo kwenye nguzo kuna mashine ndogo ambayo watu huipita wakivuta mabegi. Usipoigusa, mfumo unachukulia umekwenda mbali na kukata nauli ya juu kabisa. Fedha taslimu dereva hapokei, hata umbembeleze. Mkaguzi akikukuta hujagusisha, faini ni dirhamu 200, na kwa hela hiyo ungepanda metro mara sitini na sita ndani ya kanda moja.

Ukishuka metro na kudaka basi ndani ya dakika 30, inahesabiwa kuwa ni safari moja, mradi yote isizidi dakika 180. Kwa hiyo usisimame kununua chai katikati. Maliza safari kwanza. Na pale Union na BurJuman, ambako mstari mwekundu na wa kijani hukutana, badilisha treni humo ndani. Usifuate umati ukatoka getini.

Faini nyingine: kula, kunywa au kutafuna jojo ndani ya treni ni dirhamu 100. Hata maji, na hata Julai. Mwanamume akiingia behewa la wanawake na watoto, lenye mstari wa waridi sakafuni, ni 100 pia. Watu hukamatwa kwa sababu treni inapofika wanakimbilia mlango ulio karibu bila kuangalia chini.

Kutoka uwanja wa ndege: Terminali 1 na 3 zina metro mlangoni, mstari mwekundu. Mpaka Union ni kanda ileile, dirhamu 3. Teksi ya uwanjani huanza mita ikiwa tayari kwenye 25 kabla gurudumu halijazunguka. Ila Terminali 2, ambako ndege nyingi za shirika la flydubai hutua, haina metro. Huko panda basi la mjini mpaka kituo cha metro, au kama mko watatu changieni teksi. Angalia na saa. Metro huanza saa 11 alfajiri na kufunga saa 6 usiku, Ijumaa hufika saa 7 usiku, na Jumapili haianzi mpaka saa 2 asubuhi. Anayetua Jumapili saa 9 usiku ajue mapema kwamba siku hiyo ni ya teksi.

Majina ya vituo pia huuzwa kwa makampuni, kwa hiyo maelekezo ya ndugu aliyeishi huko zamani yatakupoteza. Rashidiya sasa ni Centrepoint, Al Karama ni ADCB, Al Fahidi ni Sharaf DG. Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za China mtaa wa International City, haina metro mpaka leo, mstari wa buluu utakaopita mtaa huo umepangwa kufunguliwa 2029. Kwa sasa unashuka Centrepoint na kuunganisha basi.

Mzigo: metro inaruhusu begi moja kubwa lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo la 55 kwa 38 kwa 20. Robota la vitenge litarudishwa getini. Usilibebe kabisa, mwambie muuzaji alipeleke kwa mtu wako wa kago hapohapo Deira, na uliingize gharama hiyo kwenye bei mnapopatana, si baada ya kulipa.

Na ukitaka kuvuka khori kwenda Bur Dubai, ng'ambo ya Deira, usiingie chini kwenye metro. Shuka ukingoni Sabkha au Deira Old Souk, panda abra, ile boti ndogo ya kuvusha watu, mpe nahodha dirhamu moja mkononi. Hapo kadi haihitajiki, kwa hiyo weka sarafu mfukoni.