Barua kwa mwanangu: kabla hujakata ubavu wa Me 262

Mwanangu,

Hapa Kirumba hatujambo. Umeniuliza mambo mawili: ukitaka kufungua ubavu mmoja wa modeli ya Me 262, ile ndege ya kivita ya jeti ya Wajerumani wa Vita Kuu ya Pili, uwiano wa 1:48, ili wanafunzi wako wa fizikia huko Sengerema waone mizinga, matangi na injini ya jeti, uanzie wapi, na utaizuiaje isikalie mkia. Jibu lake ni moja. Anza na uzito, kisu kije baadaye.

Ndege hii husimama kwa gurudumu moja puani na mawili chini ya mabawa, na kwenye modeli sehemu iliyo nyuma ya hayo mawili huishinda ya mbele kwa uzito. Anayejenga modeli iliyofungwa hujaza risasi, ile metali nzito, puani, basi. Wewe pua hiyo unaifungua, maana ndimo ilimokaa mizinga minne ya MK 108, kwa hiyo risasi inakosa pa kujificha. Wengi hulitambua hilo rangi ikiwa imeshakauka, wakaishia kuipigilia modeli kwenye ubao.

Pa kujificha papo, ila ni hatua moja nyuma ya mizinga. Kati ya mizinga na rubani kulikuwa na tangi kuu la mafuta la lita 900, na jingine la ukubwa huohuo nyuma ya rubani. Gawanya lita 900 kwa 48 mara tatu, utapata sentimita za ujazo 8 na kidogo. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11. Hata ukitoa unene wa kuta na nafasi zinazobaki katikati ya vipande, tangi la mbele linameza gramu 40 hivi, na mtazamaji anaona tangi tu. La nyuma liache tupu kabisa.

Risasi ni zile chubwi za nyavu, zinapatikana Mwaloni kwa wauza zana za uvuvi. Zigonge kwa nyundo ziwe bapa, zipange ndani, kisha mimina gundi ya epoksi ya mirija miwili. Usitumie gundi nyeupe ya mbao hata kama ndiyo iliyo karibu: risasi huliwa nayo taratibu, inatoa unga mweupe, inavimba, na baada ya miezi inapasua kiwiliwili kwenye maungio. Ukishashika risasi nawa mikono kwa sabuni, na vipande visibaki mezani pa wanafunzi.

Kujua kiasi, shikiza kila kitu kwa tepu ya karatasi kabla ya gundi yoyote, pamoja na injini na mkia, kisha iegemeze modeli juu ya penseli mahali ekseli ya magurudumu makubwa itakapokuwa. Ongeza risasi mpaka pua ishuke yenyewe. Halafu ongeza tena kama sehemu moja ya tano, kwa sababu fremu utakazojenga nyuma nazo zina uzito. Usipitilize. Miguu ya plastiki ikielemewa hupinda kidogokidogo, hasa chumba kikiwa na joto. Toboa kila mguu kwa keekee nyembamba uingize pini ya chuma.

Sasa kukata. Fungua kushoto tu, kulia pabaki pazima na rangi zake za vita. Anayezunguka meza aone ndege upande mmoja na mashine upande wa pili; ukifungua pande zote mbili huna tena ndege. Kata kabla ya kuunganisha nusu mbili za kiwiliwili, ukifuata mistari ya mabati iliyochorwa kwenye plastiki. Kwanza toboa tundu la milimita 1 kwenye kila kona, ili ufa usikimbie kuvuka mstari. Kisha toboa mfululizo wa matundu ndani ya mstari, nusu milimita kabla ya kuufikia, unganisha matundu kwa wembe, na umalizie kwa tupa. Kabla ya hayo yote, gundisha vipande vya plastiki ndani, juu na chini ya dirisha utakalokata. Bila hivyo ile nusu inalegea, inapinda kama ndizi, na mshono wa mgongoni hautafunga.

Kinachoponza modeli nyingi za namna hii ni unene. Plastiki ya milimita 1.2 kwa uwiano huu ni bati la karibu sentimita 6, na jicho linaukataa uongo huo hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Kwangua kwa ndani, upana wa milimita 3 kuzunguka dirisha, mpaka ukingo ubaki milimita 0.3. Hapa usiwe na haraka.

Fremu za ndani tengeneza kwa makopo ya mtindi yenye namba 6 kwenye pembetatu ya chini. Hiyo ni polistireni, inashika gundi ya modeli. Yenye namba 5 achana nayo, haishiki. Kupata umbo, kunja waya laini wa kuchomelea redio ndani ya kiwiliwili, uchore mkunjo wake kwenye karatasi ngumu, ndipo ukate plastiki.

Mdomo wa mzinga ulikuwa na tundu la milimita 30, kwako ni 0.6. Sindano ya dawa ya kitako cha kijani, kipenyo cha nje milimita 0.8, inafaa, ila nunua mpya. Ikate kwa tupa. Koleo linaifinya tundu likafunga. Mizinga miwili ya juu ilibeba risasi za kufyatua 100 kila mmoja, ya chini 80 kila mmoja, kwa hiyo masanduku yasilingane.

Injini ndiyo somo lako, kwa hiyo ipe muda. Jumo 004, injini ya ndege hii, ina urefu wa mita 3.86, kwako sentimita 8. Fungua theluthi moja ya ganda lake. Mbele weka hatua 8 za kompresa, na vile vyake vifupike kadiri unavyorudi nyuma, kwa kuwa hewa iliyobanwa inahitaji nafasi ndogo. Zifuate chemba 6 za kuunguzia, kisha turbini ya hatua moja tu, kisha koni ya kutolea moto iliyosogea mbele na nyuma. Katikati ya mdomo wa hewa weka kipete cha waya wa milimita 0.3: hapo palikuwa na injini ndogo ya petroli ya Riedel ya kuwashia, na kamba ya kuivuta. Wanafunzi wataiuliza hiyo kabla ya turbini.

Rangi (RLM ni namba za rangi za wizara ya anga ya Ujerumani ya wakati ule): chumba cha rubani kijivu cheusi RLM 66, visima vya magurudumu RLM 02, nje kahawia-zambarau RLM 81 na kijani RLM 82, chini samawati RLM 76. Kingo zilizokatwa ni nyekundu, kama kwenye mashine za kufundishia, lakini zipakwe mwisho kabisa, kwa ubavu wa brashi. Dirisha lizibe kwa sponji bichi unapopuliza rangi ya nje. Tina ya gereji isiguse plastiki, itaiyeyusha. Msimu wa mvua puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Hewa ikiwa na unyevu rangi ya tina huota ukungu mweupe. Na usiku usiiache chini ya taa, wale wadudu wa ziwani watatua wote kwenye rangi mbichi. Funika kwa boksi.

Utakapowaonyesha, waambie pia kwamba viwiliwili vingi vya ndege hii viliundwa na wafungwa wa kambi za mateso, kwenye mahandaki ya Gusen, Austria. Ni sehemu ya mashine hiyo kama turbini ilivyo.

Chubwi nitazituma Jumamosi kwa kivuko cha Kamanga. Nipimie upana wa ndani wa pua kabla hujagundisha chochote, unitumie namba.

Baba yako