Kunukuliwa Mara 46: Je, ni Kidogo?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mhadhiri msaidizi wa uhandisi wa umeme katika chuo kimoja hapa Mbeya. Miaka 6 imepita tangu nichapishe makala yangu ya kwanza, na sasa ninazo makala 9, nyingi zikihusu radi inavyounguza transfoma za vijijini. Nilipoomba kupandishwa cheo niliambiwa kwamba kipimo changu cha h, kinachotokana na mara ambazo watafiti wengine wamenukuu makala zangu, ni 4 tu, ilhali mwenzangu anayetafiti malaria ana 11. Je, kazi yangu ni hafifu? Tena kuna jarida limeniandikia likiahidi kunichapishia ndani ya siku 5 nikilipa. Nilipe? Orodha ya makala zangu nimeiambatisha. — Msomaji, Uyole.

JIBU: Ndugu yangu wa Uyole, tuanze kwa kuihesabu hiyo h pamoja, kwa maana wengi huitaja bila kujua inapatikanaje. H ni idadi kubwa kabisa ya makala zako ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyo hiyo. Nimezipanga makala zako kuanzia iliyonukuliwa mara nyingi zaidi: 22, 9, 6, 4, 3, 1, 1, 0, 0, jumla mara 46. Teremka nazo moja moja. Ya nne imenukuliwa mara 4, kwa hiyo nafasi yake na idadi yake zinalingana. Ya tano imenukuliwa mara 3, haifikii 5, na hesabu inakomea hapo. Angalia kilichotokea kwa ile makala yako yenye 22: hata ingenukuliwa mara 2,000, h yako ingebaki 4 ile ile. Makala ya mwanahisabati na mhandisi Claude Shannon ya mwaka 1948, ambayo ndiyo msingi wa mawasiliano yote ya kidijitali, imenukuliwa zaidi ya mara 100,000, lakini ikihesabiwa peke yake inampa h ya 1.

Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na yeye mwenyewe alionyesha kwamba watafiti wa sayansi za viumbe huwa na h kubwa kuliko wanafizikia. Kukulinganisha na mtafiti wa malaria, ambaye eneo lake lina maelfu ya watafiti wanaonukuliana kila mwezi, ni kosa ambalo mbunifu wa kipimo aliliona mapema. Alipendekeza pia h igawanywe kwa miaka tangu makala ya kwanza ichapishwe. 4 kwa 6 inakupa takriban 0.67, nami kwa mtu aliye mwanzoni mwa safari siioni kuwa aibu hata kidogo.

Waulize pia waliokupima walitumia hazina gani ya takwimu. Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma, huhesabu hata tasnifu na ripoti, wakati Scopus, hazina nyingine ya makala za utafiti, huchagua vyanzo vyake, hivyo mtu mmoja huwa na h mbili tofauti siku hiyo hiyo. Katika orodha yako nimeona jina lako limeandikwa kwa namna tatu: mara jina la baba limetangulia, mara limefupishwa, mara limeachwa kabisa. Hapo ndipo nukuu hupotelea. Jisajili upate namba ya ORCID, yaani kitambulisho cha mtafiti, ambayo ina tarakimu 16 na haitozwi ada, kisha uziunganishe makala zote chini yake.

Lakini jambo linalonigusa zaidi katika barua yako ni radi. Fundi anayepanda nguzo kule Tukuyu mvua ikishakatika, akakuta kizuia radi kimepasuka na waya wa kuteremsha umeme ardhini umelegea, akaufunga upya kama makala yako inavyoelekeza, hatakunukuu popote, kwa kuwa yeye haandiki makala. Kunukuliwa hupima mazungumzo ya waandishi na waandishi. Kijiji kilichobaki na taa hakimo katika hesabu hiyo, na ni haki yako kukiingiza: omba barua kwa wahandisi waliotumia matokeo yako, waeleze walibadilisha nini na wapi, uiweke katika jalada lako kando ya zile namba. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotolewa mwaka 2013, linasisitiza kwamba kazi ipimwe kwa ubora wake yenyewe, pasipo kutegemea umaarufu wa jarida ilimochapishwa. Una msingi wa kulitaja mbele ya kikao.

Kuhusu lile jarida, usilipe. Ada peke yake si dhambi, kwani majarida mengi mazuri yanayosomwa bure hutoza waandishi. Kinachonitia shaka ni hizo siku 5. Mhakiki makini anahitaji wiki kadhaa kupitia hesabu za mawimbi ya radi katika njia ya umeme, na makala isiyohakikiwa itakuharibia hata hizo 9 ulizo nazo. Makala yako mpya ipeleke kwanza kwenye kongamano la wahandisi wa umeme, ambako watu wa fani yako wataihoji ana kwa ana, kisha uirekebishe na kuituma kwenye jarida ambalo wewe mwenyewe hulisoma.