Ukitaka kuiona mizabibu, toka mjini

Barua za safari. Anajibu mwandishi wetu, mzaliwa wa Mvumi, Dodoma.

*Habari za kazi, dada. Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu, tunaishi Tanga. Mwezi wa nane tunakwenda Dodoma kumtembelea mwanetu anayefanya kazi Mtumba. Mzee ametazama sana kwenye simu mashamba ya mvinyo ya Ulaya, na sasa hasikii la mtu: lazima aione mizabibu ya Dodoma kwa macho yake. Tutakuwa na siku mbili na gari dogo la huyo mwanetu. Mimi pombe situmii. Kuna la kuona huko, au nitakaa garini nikimngoja? – Mwalimu mstaafu, Tanga*

Shikamoo, mwalimu. Garini hutakaa, labda ukatae mwenyewe kushuka.

Mwezi mmeupatia. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu wa Dodoma haupati baridi ya kuulaza kama wa Ulaya, kwa hiyo anayeupangia majira ni mkulima mwenye mkasi: akishapogoa anahesabu kama miezi minne, anavuna. Msimu mmoja huangukia kati ya Februari na Aprili, mvua zikiwa bado zinasumbua. Mwingine ni Agosti na Septemba, nchi ikiwa kavu, na huu ndio wa mgeni, maana gari dogo halitazama kwenye tope. Ila bebeni masweta. Watu wa pwani mnadhani Dodoma ni jua tu. Subirini ule upepo wa Agosti alfajiri ndipo mtajua.

Mzee mwambie mapema asahau zile picha za kwenye simu. Hakuna jumba la mawe juu ya kilima, wala kijana mwenye tai anayewangoja na glasi. Kuna shamba la ekari moja, mbili, nguzo na waya, mwenye shamba na watoto wake, na kreti za plastiki zimepangwa chini ya mti. Mimi naona hiyo ndiyo raha yenyewe: mnaongea na aliyelima, si aliyeajiriwa kuwachekea.

Siku ya kwanza shikeni barabara ya Iringa. Bihawana kuna misheni ya Kikatoliki, na ni huko mapadre walikopanda mizabibu miaka ya 1950 kabla kilimo hicho hakijasambaa kwenye mashamba ya watu. Upande huohuo kuna Matumbulu na Mpunguzi, vijiji ambavyo ukiuliza mtu analima nini, jibu la zabibu haliko mbali. Fikeni saa moja asubuhi. Vichala hukatwa kabla jua halijapanda, na ikifika saa sita mtakuta watu wamekwisha kuondoka, mmebaki ninyi na nyuki.

Msiingie shambani kama sokoni. Simameni pembeni, msalimie kwa Kigogo: "Mbukwenyi!" Mkisema hivyo kwa lafudhi ya Tanga watacheka, na mkishachekwa mmekaribishwa. Msichume hata punje kabla ya kupewa. Kisha nunueni kilo mbili tatu palepale, na bei muulize kwanza.

Mtaonjeshwa zabibu nyeusi ndogo zenye mbegu na ganda gumu. Msizidharau. Hizo si za kupamba meza, ni za kukamua, na nyingi ni aina tunayoiita Makutupora nyekundu. Nyeupe mtakazoziona huenda zikawa Chenin Blanc, jina la Kifaransa ambalo wazee wetu wamelinyoosha kila mmoja kwa namna yake.

Sasa neno lako wewe mwalimu, usiyekunywa. Mkulima akikukaribisha *mchuzi wa zabibu*, usidhani ni juisi. Zabibu iliyoiva haingoji mtu. Kiwanda kikijaa au mnunuzi akichelewa, mkulima hukamua mwenyewe akahifadhi kwenye matanki akisubiri soko, na humo ndani mchuzi umekwisha kuchacha. Ni pombe kamili. Uliza wazi: "Hii imekamuliwa leo?" Juisi ya siku hiyohiyo, nzito na ya zambarau, haina mfano, na huwezi kuipata Tanga. Na mazungumzo yakifika kwenye bei ya kilo na nani hajalipwa tangu msimu uliopita, tafuteni pa kukaa. Hayo hayaishi. Lakini ndipo mzee atakapoelewa mvinyo kuliko kwenye simu yake.

Siku ya pili mkiwa na nguvu nendeni Hombolo, kama kilometa 40 kaskazini-mashariki ya mji. Kuna bwawa, kuna samaki, na kuna kiwanda cha mvinyo ambacho pamoja na zabibu zetu kimetumia aina za Italia, kama Aglianico na Teroldego. Kiwanda ni mahali pa kazi, hivyo mwanenu apige simu kabla, asiwapeleke mkaishia getini. Kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora, barabara ya Arusha, nacho ni kizuri kwa mwenye kupenda kilimo, lakini siku mbili hazitoshi kila kitu na mimi ningechagua Hombolo.

Ikiwa moja ya siku hizo ni Jumamosi, mpitishe mzee mnadani Msalato kwa nyama choma. Kisha mtafute pa kula ugali wa uwele na mlenda. Mlenda wetu hauna nazi. Msiulize.

*Niaje dada. Niko Nairobi, nina wikendi moja ndefu mwezi wa tatu, sina gari. Naweza kufika hivyo vijiji vya wine bila kulipa kampuni ya utalii? – Msomaji, Nairobi*

Unaweza. Ukishafika Dar panda treni ya SGR, ile reli ya kisasa ya Tanzania, inayofika Dodoma tangu mwaka 2024. Kwa mwendo wake utakuwa hujamaliza hata kusoma gazeti hili. Mpunguzi kuna daladala, na kutoka hapo bodaboda. Mwezi wa tatu ni mavuno pia, ila ni wakati wa mvua, kwa hiyo vaa viatu vya kutupa.

Kitu kimoja nakuomba: patana na bodaboda akungojee, mlipe muda wake, na yeye asionje chochote. Wewe onja. Na ukipewa mvinyo mtamu kupita kiasi usimwoneshe mwenyeji uso. Wanywaji wengi wa hapa ndivyo wanavyoupenda, na wanaonunua ndio wao. Mkavu upo, uombe.

*Dada, wewe unatuletea wageni kwa barua zako. Wanakuja, wanapiga picha na mizabibu yetu, wanakula vichala viwili vitatu, wanasema "asante sana" wanaondoka. Mwingine alikanyaga bomba za maji. Sisi tunapata nini? – Mkulima, Mpunguzi*

Mbukwa, ndugu yangu. Una haki ya kukasirika. Wekeni kiingilio. Kaeni wenye mashamba ya jirani mkubaliane bei moja, muiandike kwenye ubao getini: kuingia kiasi fulani, kuvuna kilo yako mwenyewe kiasi fulani, picha za harusi zaidi, maana hao ndio wanaokanyaga bomba. Anayetoka Dar kwa treni kuja kuona mizabibu hatashindwa na kiingilio. Akishindwa, mwacheni aitazame kutoka barabarani.

Walimu wa Tanga wanakuja mwezi wa nane. Wao wameshaambiwa wanunue.