Maswali Yenu: Mfupa Uliogeuka Jiwe

Barua zilizotufikia baada ya makala ya mwezi uliopita kuhusu visukuku vya kisiwa cha Rusinga ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua tano zinazogusa kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, yaani kuutoa mfupa wa kale ndani ya mwamba na kuuandaa ili wataalamu wausome na watu wote wautazame.

SWALI: Baada ya mvua kubwa, wanafunzi wangu waliokota korongoni kipande kizito kama jiwe, ambacho upande wake uliovunjika una vitundu vidogo vidogo kama vya mkate. Wanashikilia kwamba ni mfupa wa dainosari. Je, ni kweli? Na tukioshe kwa kitu gani kabla ya kukiweka katika kabati la shule?
Mwalimu wa sayansi, Muhoroni

JIBU: Mwalimu, kwanza nakuomba msikioshe kwa kitu chochote, hata kwa maji matupu. Vitundu hivyo ni dalili nzuri, lakini havitoshi, kwa kuwa mawe ya volkeno yaliyojaa huko kwenu nayo yana matundu yaliyoachwa na hewa lava ilipokuwa inapoa. Chukueni kioo cha kukuzia mtazame kwa makini: matundu ya lava hutapakaa ovyo, makubwa kwa madogo, ilhali mfupa huwa na ganda gumu lililoshikamana kwa nje, na ndani yake vitundu vilivyosukwa kama wavu. Mkiona ganda na wavu pamoja, basi yaelekea mnao mfupa.

Wa dainosari, hata hivyo, hauwezi kuwa. Dainosari walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakabaki ndege peke yao katika ukoo huo. Miamba yenye visukuku ya Muhoroni, Koru na Songhor ilitokana na volkeno za miaka ipatayo milioni 20 iliyopita, na ile mikongwe ya Maseno na Kakamega ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, zama ambazo duniani hapakuwa na kiumbe hata kimoja chenye mfupa. Miamba ya zama za dainosari, ambayo ingekaa kati ya hiyo miwili, haipo kwenu. Hapa Kenya mifupa yao imepatikana mbali kaskazini, katika milima ya Lapurr huko Turkana.

Wanafunzi wasivunjike moyo, maana ardhi yao ina hazina nyingine. Karibu na Muhoroni, mahali paitwapo Daraja la Meswa, palichimbuliwa taya na meno ya mnyama mla nyama aliyeishi kati ya miaka milioni 22 na 23 iliyopita, mwenye fuvu linalokaribia ukubwa wa fuvu la kifaru. Mabaki hayo yalikaa katika droo ya makumbusho ya Nairobi kwa miongo kadhaa, hadi watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens walipoyachunguza upya na kumpa mnyama huyo, mwaka 2019, jina la Simbakubwa kutokaafrika. Hakuwa simba wala jamaa wa simba. Alikuwa wa kundi jingine lililokwisha kutoweka kabisa, na hilo lilijulikana kwa kulinganisha magego yake na ya wanyama wengine, kona kwa kona.

Sasa kuhusu kipande chenu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha namna hii atoe taarifa ndani ya siku saba kwa Makumbusho ya Taifa, akieleza mahali hasa alipokiona, na hairuhusu kukihamisha bila kibali. Kwa kuwa watoto wamekwisha kukiokota, kifungeni katika karatasi laini, mkitie katika kopo kavu, kisha rudini nao korongoni siku hiyo hiyo wawaonyeshe pale kilipolala. Pigeni picha ya mahali hapo mkiwa mmeweka rula kando yake, andikeni vipimo vya ramani vya simu, na mpeleke habari Makumbusho ya Kisumu. Msichimbe zaidi. Mtaalamu atataka kujua kilitoka tabaka lipi, kwa sababu umri wa kisukuku husomwa katika majivu ya volkeno yaliyo juu na chini yake, na mfupa usiojulikana ulikotoka hauna wa kuutolea ushahidi. Nimewahi kuletewa fuvu zuri la swala wa kale ambalo mtu aliyependa kulitunza alikuwa amelipaka vanishi ya mbao. Ile rangi tuliweza kuibandua kwa wiki kadhaa. Mahali lilipotoka hatukuweza kupajua tena, na hadi leo jambo hilo huniuma.

SWALI: Nilipotembelea Kariandusi niliona mashoka ya mawe ya kale yameachwa pale pale yalipochimbuliwa. Nataka kujua mfupa hutolewaje mwambani bila kuvunjika, na kazi hiyo huchukua muda gani.
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Nakuru

JIBU: Mwanangu, hautolewi mwambani pale porini, hutolewa pamoja na mwamba wake. Wachimbaji huchimba mtaro kuuzunguka, wakiacha mfupa umekaa juu ya kisiki cha udongo kama uyoga. Nyufa hunyweshwa gundi nyepesi. Kisha mfupa hufunikwa kwa karatasi zilizoloweshwa maji ili plasta isije ikaushika, na juu yake huviringishwa vipande vya gunia vilivyochovywa katika plasta, ile ile ya kufungia mguu uliovunjika. Ikishakauka, kisiki hukatwa chini, mzigo ukageuzwa kwa pigo moja, na upande wa chini nao ukafungwa. Juu ya plasta huandikwa namba na mshale wa kaskazini. Kule Tendaguru, karibu na Lindi nchini Tanzania, ambako Wajerumani walichimbua mifupa ya dainosari kati ya mwaka 1909 na 1913, mizigo ilisukiwa vizimba vya mianzi.

Kazi yenyewe huanza mezani. Plasta hukatwa kwa msumeno, na mara nyingi tunaanzia upande uliokuwa chini, kwa kuwa jua na mvua havikuugusa. Mwamba mgumu hupunguzwa kwa patasi ndogo inayotetemeshwa na hewa iliyoshindiliwa, yenye umbo la kalamu. Ukikaribia mfupa unaiweka kando na kushika sindano, na kutoka hapo macho hayabanduki kwenye hadubini. Penye mwamba wa chokaa waweza kutumia asidi hafifu, ile inayoipa siki ukali wake, mradi umejaribu kwanza kwenye kipande kisicho na thamani na kuhakikisha kwamba asidi hiyo haiuli mfupa wenyewe.

Nakumbuka taya la mnyama mdogo kutoka Rusinga, lisilozidi urefu wa punje ya njugu. Mwamba ulikuwa wa kijivu na mfupa wa rangi ya kahawa, lakini kwenye mizizi ya meno rangi hizo zilichanganyika hata jicho likashindwa kuzitenganisha. Hapo ilinibidi nisikilize. Sindano ikigusa mwamba wa majivu hutoa mkwaruzo mkavu, na ikigusa enameli ya jino huteleza na kutoa mlio mwembamba kama wa kijiko kwenye kikombe. Nililikalia taya hilo siku kumi na moja. Mfupa wa paja wa dainosari mkubwa unaweza kumshughulisha mtu kwa miezi mingi.

Gundi yetu ya kila siku ni resini iitwayo Paraloid B-72, ambayo huyeyushwa katika asetoni. Tunaipenda kwa sababu ukikosea, au mtaalamu wa miaka 50 ijayo akitaka kufungua kiungo chako, asetoni hiyo hiyo huiyeyusha tena. Ndiyo maana nawasihi watu wasitumie gundi za dukani zinazokauka papo hapo. Tena kila unachokitia katika mfupa sharti ukiandike daftarini, kwa tarehe, na udongo uliobanduka usiutupe kabla ya kuuchekecha, maana mara nyingi jino la panya au gamba la konokono hukutwa humo, na hilo ndilo hueleza kama mnyama wako aliishi msituni au mbugani.

SWALI: Niliwaambia watoto wangu kwamba mifupa mikubwa ya dainosari inayoonyeshwa Ulaya ni ya kweli, jirani akanicheka akisema ni plasta tupu. Nani mkweli?
Mzazi, Kondele, Kisumu

JIBU: Mama, au Baba, kila mmoja wenu ameshika nusu ya kweli. Chukua mfano wa yule mrefu kuliko wote walio katika jengo la maonyesho la Berlin, Giraffatitan brancai, mwenye kimo cha mita 13.27. Alitoka Tendaguru, ambako aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Mifupa yake mingi ni yenyewe, lakini pingili za shingo na mgongo ni za kuigiza, kwa kuwa zile za asili ni nzito mno na ni dhaifu kuning'inizwa hewani. Kichwa kilicho juu ni nakala, na mkia ulitoka kwa mnyama mwingine wa aina yake. Alisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937 akiwa ametanua miguu ya mbele na kuuburuta mkia. Elimu ilipoongezeka alivunjwa na kuundwa upya, na tangu mwaka 2007 amesimama wima, mkia ukiwa juu. Nakala hutengenezwa kwa kalibu ya mpira inayonakili hata mikwaruzo, na mtafiti aliye Nairobi anaweza kulinganisha meno kwa nakala bila kusafirisha mfupa wa asili. Hakuna udanganyifu, mradi kibao kiseme wazi ni kipi cha kweli na ni kipi cha kuigizwa.

Mimi ningependa vibao hivyo viseme na jambo jingine. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitolewa Tendaguru hadi bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, safari ya siku kadhaa kila mara, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kuitayarisha mifupa, na ni mwaka 2007 tu ambapo dainosari mmoja wa huko, Australodocus bohetii, alipewa jina kwa heshima yake. Waambie watoto jina hilo pia.

SWALI: Kwa nini majina ya dainosari yote ni ya Kigiriki na Kilatini?
Msomaji, Busia

JIBU: Siyo yote. Katika bonde la Ziwa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, yupo Shingopana songwensis, aliyetangazwa mwaka 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia, wa mwaka 2019, ambaye alipatikana kando ya mto Mtuka na ambaye pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Msomaji wa Kiswahili huyaelewa majina haya bila kamusi.

SWALI: Shule yetu ya kijijini inataka maonyesho ya dainosari lakini haina fedha. Tuanzie wapi?
Mwenyekiti wa klabu ya sayansi, Kakamega

JIBU: Anzeni na kuku, kwa kuwa ndege ndio dainosari waliobakia. Mkishamla, chemsheni mifupa kwa moto mdogo hadi nyama iliyosalia ilegee, msugue kwa mswaki wa zamani, kisha muianike kivulini. Msitumie dawa ya kutakatisha nguo, maana huila mifupa na kuifanya iwe ya unga. Ipangeni kwenye ubao mweusi kwa mpangilio wa mwili, mkiifunga kwa waya mwembamba badala ya gundi ili mkikosea mrekebishe. Kando yake bandikeni mchoro wa Tyrannosaurus, na kamba nyekundu zitoke kwenye mifupa ya kuku hadi kwenye ile inayolingana nayo: vidole vitatu vinavyotazama mbele, mifupa yenye uwazi ndani, na ule mfupa mwembamba wa kifuani wenye umbo la herufi V, ambao Tyrannosaurus naye alikuwa nao. Mfupa huo wa V uwekeni karibu na ukingo wa ubao, katika kimo cha macho ya mtoto wa gredi ya kwanza.