Ukipangiwa kituo cha kijijini Uganda, nenda

Wiki hii nimepokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne, Mtanzania mwenzangu anayesoma Kampala, ambaye amepangiwa mafunzo kwa vitendo katika kituo cha afya cha kijijini kusini-magharibi mwa Uganda na anatafuta namna ya kubadilishiwa ili abaki katika hospitali kubwa ya mjini. Anaona kwamba huko hatajifunza lolote kwa sababu hakuna mashine wala madaktari bingwa, tena lugha ya wenyeji haijui. Namjibu hadharani kwa kuwa najua wengi mna swali hilo hilo, na kwa kuwa mimi mwenyewe, mzaliwa wa Tanga, nilipelekwa wilayani Isingiro nikiwa na hofu kama yake. Jibu langu ni kwamba aende.

Kwanza ajue anakokwenda. Nchini Uganda vituo vya afya vya serikali vimepangwa kwa madaraja. La kwanza ni wahudumu wa kujitolea wa kijijini, ambao hawana jengo. La pili hutibu wagonjwa wa nje. La tatu huwa na maabara na wodi ya wazazi. La nne, ambako mimi nilipelekwa, hutakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji, ili mama aliyeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida asisubiri safari ya kwenda mjini. Ada katika vituo hivyo ilifutwa mwaka 2001, na dawa huletwa kutoka bohari ya taifa kwa mizunguko ya miezi miwili miwili. Aliyezoea wodi ya mjini hushtuka kuona jinsi majuma ya mwisho kabla ya shehena kufika yanavyobadilisha kila anachoandika, kwa sababu kumwandikia mgonjwa dawa isiyokuwepo ni kumtuma dukani hali mfukoni hana kitu.

Isingiro ni wilaya ya migomba na ng'ombe inayopakana na nchi yetu, na ndani yake yamo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi barani Afrika na yanakaliwa na Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Uganda humruhusu mkimbizi kutibiwa pale anapotibiwa mwenyeji. Kwa hiyo, ingawa nilijifunza salamu na maswali ya msingi ya Kinyankole kutoka kwa wakunga, kilichonipa nafasi katika kituo kile ni Kiswahili. Kwenye foleni ya asubuhi walikuwapo kinamama kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, waliozoea kueleza maradhi yao kupitia mtoto anayesoma shule, na ninyi mnajua kuna mambo ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya mwanawe. Mtu wa namna hiyo anapogundua kwamba mnaelewana bila mkalimani, huanza kusimulia habari yake upya tangu mwanzo, na hapo ndipo ugonjwa unapoonekana.

Nitaeleza tukio moja. Alikuja mama akiwa na mtoto wa kiume mgongoni, anachemka homa, ambaye alikuwa amepata degedege njiani wakiwa juu ya bodaboda. Sista wa zamu alimpokea mtoto, nami nikakabidhiwa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Uganda mgonjwa hununua daftari lake mwenyewe na kila kituo anachopita humwandikia humo, kwa hiyo ndilo faili lake popote aendapo. Kona zake zilikuwa zimejikunja na karatasi zimelowa jasho, lakini maandishi yalisomeka: majuma machache kabla ya hapo kipimo cha haraka kilionyesha malaria, na mtoto akapewa dawa mseto.

"Pole sana, mama. Dawa hii aliimaliza?" nilimuuliza.

"Alimaliza, dokta."

"Na nyumbani yuko nani mwingine anayeumwa?"

Alikaa kimya, akamtazama mtoto, kisha akasema kwamba vidonge vile alivigawa, kwa sababu dada yake mtoto naye alikuwa na homa na nauli ya kurudi kituoni haikuwapo. Dada huyo bado alikuwa amelala ndani. Tukaomba aletwe, na alipofika viganja vyake vilikuwa vimepauka kabisa. Damu ilipopimwa ilionekana kuwa ndogo mno, akaandikiwa rufaa siku ile ile akaongezewe. Katika hospitali ya mjini, mbele ya mashine zote, mtoto yule aliyebaki nyumbani hakuna ambaye angejua kwamba yupo.

Huku nyuma sista alikuwa amekwisha kupima sukari na anaandaa artesuneti, sindano ya malaria kali, akaniita nione. Unga wa kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita moja ya bikaboneti, hutikiswa mpaka maji yawe angavu, kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi kwa sindano ya mshipa, hivyo kila mililita hubeba miligramu 10. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Huyu alikuwa na kilo 12, alistahili miligramu 36, yaani mililita 3.6, na sista akavuta mililita 4 kamili, kwa kuwa kipimo hiki hukuzwa hadi namba kamili inayofuata, hakipunguzwi. Sindano ya pili huja baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, na mtoto akishaweza kumeza humaliza na dawa mseto kwa siku tatu. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma na kuyajibu kwenye mtihani, lakini mkono wangu ulifundishwa na sista yule.

Mafunzo yalipokaribia kwisha alikuja msimamizi kutukagua. Alisoma maelezo yangu ya wagonjwa, akauliza mbele ya wauguzi na wagonjwa wenyewe kwa nini ninaandika habari za ndugu, nauli na mashamba badala ya ugonjwa, akasema kazi hiyo ni ya watu wa ustawi wa jamii, na alama zangu zikashuka. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Mganga mfawidhi wa kituo aliandika katika ripoti yake kwamba anaomba wanafunzi wengine wanaouliza namna ile, na nakala ya ripoti hiyo nimeitunza. Leo mimi ni daktari tarajali, na kila ninapompokea mgonjwa swali la nyumbani ndilo ninaloanza nalo.

Basi, ndugu yangu, uliza habari za nyumbani. Uliza nani mwingine anaumwa, nani anatafuta fedha, maji yanatoka wapi, dawa ya mwisho iliishia kwa nani. Vuta kigoda ukae, kwa maana mgonjwa hamwambii neno la ndani mtu aliyesimama mlangoni. Wasalimu wazee kabla ya kuwapima, na wauguzi waheshimu kama walimu wako, kwa kuwa ndio watakaokufundisha. Daktari asiyejua mgonjwa wake analala wapi na anakula nini atatibu malaria ile ile katika nyumba ile ile mwaka mzima. Na uulize tena hata kama umekwisha kujibiwa, kwa sababu jibu la kwanza mara nyingi ni la adabu tu.

Kuhusu safari, beba chandarua, tochi ya kuvaa kichwani kwa ajili ya usiku umeme unapokatika, glavu za kutosha na nakala kadhaa za barua ya chuo. Nyumba za watumishi huwa zimejaa, kwa hiyo mwandikie mganga mfawidhi mapema akutafutie chumba cha kupanga karibu na kituo, ili ukiitwa usiku uweze kufika kwa miguu.