Nilianza Kliniki Mwezi wa Tano, Nikakuta Kazi Imekwisha

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kwamba kipimo cha mkojo kimemwonyesha mistari miwili na kwamba kwa hesabu zake ana wiki tano. Aliniuliza kama si mapema mno kwenda kliniki, kwa kuwa wifi yake amemhakikishia kwamba mimba changa ni damu tu na mtoto huanza kuumbika pale tumbo linapoonekana. Nilikuwa jikoni. Nilizima jiko nikakaa chini, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi miaka kumi iliyopita, nikayaamini.

Nilikuwa na miezi saba tu katika ndoa. Tulimtaka mtoto kwa hamu, na wewe unayesoma hapa bila shaka unamtaka au tayari unaye tumboni, hivyo huhitaji kuelezwa furaha ile. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu na ambaye hakunitakia baya lolote, alinishauri nisimwambie mtu hadi tumbo lijitangaze lenyewe, maana macho ya watu hayaaminiki. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini msemo huo haukunijia wakati ule. Nilivaa madera mapana, nikatafuna pemba kwa siri, vile vijiti vya udongo vinavyouzwa sokoni, nikaishi kwa chai ya rangi kwa sababu ya kichefuchefu, na mguu wangu wa kwanza kliniki ulikuwa mwezi wa tano wa mimba. Muuguzi alinipima uzito, presha na wingi wa damu, akanipa vidonge vya kuongeza damu, akanijazia kadi. Nilitoka pale nikijiona mama mwangalifu kuliko wote waliokuwa kwenye benchi.

Binti yangu alizaliwa na mgongo wazi. Chini ya kiuno chake palikuwa na kifuko chekundu chenye ngozi nyembamba kama ya kitunguu, na mkunga alikifunika haraka kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi huku chumba kizima kikinyamaza. Alifanyiwa upasuaji, baadaye akawekewa kifaa cha kupunguza maji kichwani. Miaka ya foleni za hospitali iliyofuata siisimulii leo. Sasa ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, anatumia kiti cha magurudumu, na katika hesabu anawaacha mbali wanaokimbia uwanjani.

Kilichoniuma zaidi ni kile nilichoelezwa baadaye na daktari aliyekuwa na subira ya kunichorea kwenye karatasi. Mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ingawa yai hurutubishwa takriban wiki mbili baadaye, na kiinitete, yaani mtoto katika hatua zake za mwanzo kabisa, hujipandikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba siku sita hadi kumi hivi baada ya hapo. Kwa hiyo mwanamke mwenye wiki tano amebeba kiinitete chenye umri wa wiki tatu tu, lakini ndani ya wiki hizo tatu seli za upande wa mgongo zimekwisha kujipanga kama mkeka mdogo, na kingo za mkeka huo zinainuka na kujikunja ili zikutane. Zikikutana hufanya mrija ambao sehemu yake ya juu itakuwa ubongo na sehemu iliyobaki itakuwa uti wa mgongo. Moyo huanza kupiga karibu siku ya 22 tangu kurutubishwa, na mrija ule hufunga karibu siku ya 28, yaani wiki ya sita kwa hesabu ya kliniki, wakati mwili wote haujazidi punje ya mchele. Ukishindwa kufunga kwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ukishindwa kwa juu, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto wa namna hiyo haishi.

Vidonge nilivyopewa kliniki vilikuwa na foliki asidi ndani yake, vitamini inayosaidia mrija ule kufunga, pamoja na madini ya chuma. Kwa mgongo wa binti yangu vilichelewa zaidi ya miezi mitatu.

Sikusudii kumbebesha mama yeyote hatia, kwa sababu daktari yule yule aliniambia wazi kwamba wapo wanaomeza kila kidonge na bado mtoto akazaliwa hivi. Hata hivyo, utafiti uliotangazwa mwaka 1991, uliofanywa katika nchi saba kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa aina hii, ulionyesha kwamba foliki asidi ilipunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Mwanamke ambaye hajawahi kupata mtoto mwenye tatizo hili hushauriwa kumeza mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Mimi, kwa historia yangu, niliandikiwa miligramu 5, nikazianza miezi minne kabla hatujaanza kutafuta mtoto wa pili. Mchicha na maharage ni chakula kizuri, ila mboga ikichemshwa sana hupoteza foliki nyingi, hivyo usinijibu kwamba unakula mboga.

Katika wiki ya 20 ya mimba hiyo ya pili, mpiga utrasaundi aligeuza kioo nikauona uti wa mgongo umenyooka kama shanga zilizotungwa, nikalia hadi akaniletea maji. Yaliyobaki yalikwenda kama yanavyokwenda: mtoto alikuwa akicheza tangu wiki ya 17, akishtuka adhana ikiadhiniwa alipofika mwezi wa saba, na wiki za mwisho akanenepa tu huku mapafu yake yakikomaa, maana mapafu ndiyo hukawia kuliko viungo vingi. Alizaliwa na kilo tatu na nusu. Kila anayenitembelea namfunulia mgongo wa mtoto auone, apende asipende.

Basi, mabinti, acheni kusubiri tumbo. Kufikia wiki ya kumi viungo vyote vikuu vimekwisha kuwekwa mahali pake, na tumbo halijaonekana hata kwa mumeo. Unayepanga kuzaa mwakani, foliki asidi ianze mwaka huu. Unayetaka kuficha mimba, wafiche majirani, lakini muuguzi usimfiche. Na unayedhani kliniki ni ya kupimwa uzito na kujaziwa kadi, nilidhani hivyo pia.

Dada yule nilimjibu saa ile ile aende siku hiyo hiyo, kwa sababu wiki ya sita ilikuwa haijamwishia. Jana ameniandikia kwamba ameshaandikishwa, vidonge anavimeza, kadi iko mkobani chini ya kanga, na wifi bado hajaambiwa.